Nahodha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nahodha ni neno ambalo kila mzungumzaji wa Kiswahili analijua, hata yule ambaye hajawahi kupanda jahazi. Tunalisikia kwenye taarifa za habari, kwenye matangazo ya mpira na kwenye methali. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia watu wanapoanza kulichimba. Majibu yanaweza kusomwa bila kufuata mpangilio. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, utaona namba ya swali.

## Mambo ya kuanzia

1. Nahodha ni nani?

Ni mkuu wa chombo cha majini. Liwe jahazi, mashua, feri, meli ya mizigo au boti ya uvuvi, pana mtu mmoja mle ndani ambaye kauli yake ndiyo ya mwisho, na huyo ndiye nahodha. Yeye ndiye anayeamua nanga ing'olewe lini, njia ipi ifuatwe, tanga lipunguzwe au liachwe, na bahari ikichafuka mzigo upi utoswe kwanza.

Si lazima awe ndiye anayeshika usukani. Watu wengi hudhani nahodha ni dereva wa majini, na makosa mengi kuhusu neno hili huanzia hapo. Tazama swali la 5.

2. Neno lenyewe limetoka lugha gani?

Kiajemi. Huko umbo lake ni *nakhuda* (siku hizi Wairani hulitamka *nakhoda*), nalo limeunganishwa kwa vipande viwili: *nav*, yaani chombo cha majini, na *khuda*, yaani bwana au mwenye. Maana yake ya asili, basi, ni bwana wa chombo. Ile *v* ya katikati ilimezwa zamani sana.

Muundo huo si wa neno hili peke yake. Kiajemi kina pia *kadkhuda*, ambamo *kad* ni nyumba. Kadkhuda alikuwa mwenye nyumba, kisha neno likapanda cheo hadi kumaanisha mkuu wa kijiji. Kwa hiyo nahodha na kadkhuda ni ndugu wawili, mmoja akabaki nchi kavu na mwingine akaenda baharini.

3. Mbona mimi nilifundishwa kuwa ni neno la Kiarabu?

Aliyekufundisha alikosea nusu tu. Neno lilizaliwa Uajemi lakini Kiswahili kililipokea kutoka mikononi mwa Waarabu, na ushahidi wa safari hiyo umo ndani ya neno lenyewe, katika herufi mbili: *dh*.

Kiajemi cha leo kinatamka *d* mahali hapo. Kiajemi cha karne za mwanzo za Uislamu kilikuwa kikitamka *dh* pale *d* ilipofuata irabu, na Waarabu walilichukua neno wakati huo, wakaliandika kwa herufi dhali: *nakhudha*, na wingi wake *nawakhidha*. Waajemi wenyewe baadaye wakaiacha *dh* hiyo. Waarabu hawakuiacha, na mpaka leo watu wa Ghuba husema *nokhadha*. Sisi tukalipata kwao likiwa na *dh* yake. Ukilinganisha na Kiindonesia, ambacho kinasema *nakhoda* kwa *d*, unaona kuwa kule neno lilifika kwa mlango mwingine.

Ndiyo maana napenda kusema kuwa Mswahili anayetamka nahodha vizuri amehifadhi sauti ya Kiajemi ambayo Mwajemi mwenyewe ameisahau.

Ile *kh* iliyogeuka *h* haina ajabu. Ni njia ileile iliyopitiwa na habari, hatari na heri, ambayo yote yana *kh* kwa Kiarabu.

4. Je, *khuda* ya hapa ndiyo ile *Khuda* ya Mungu?

Ndiyo, ni neno lilelile. Kwa Kiajemi *khuda* lilianza kwa maana ya bwana, mtawala au mwenye mali, kisha likawa jina la kawaida la Mwenyezi Mungu. Kwenye *nakhuda* imebaki ile maana ya kwanza, ya bwana. Hakuna anayemfanya nahodha kuwa mungu wa meli.

Hata hivyo, washairi wa Kiajemi hawakuiacha nafasi hiyo ipite. Kwa kuwa *na-* kwa lugha yao ni kikanushi, *nakhoda* linaweza kusikika kama "asiye Mungu", na wao wamecheza na neno hilo kwa karne nyingi: Khoda anaamua dhoruba ivume upande gani, nakhoda analia na nguo zake. Ni mzaha wa maneno tu, si asili ya neno.

## Nahodha wa zamani na watu aliosafiri nao

5. Zamani nahodha ndiye aliyekuwa akiongoza chombo?

Mara nyingi hapana. Kwenye Bahari ya Hindi ya karne za kati, nahodha alikuwa mwenye chombo, au mtu aliyewekwa na mwenye chombo kusimamia biashara ya safari. Kazi yake ilikuwa kukubaliana na wafanyabiashara kuhusu nafasi ya mizigo, kulipa ushuru bandarini, kuamua soko lipi liendewe na kuwalisha mabaharia. Kujua nyota na miamba ilikuwa kazi ya mtu mwingine (swali la 6).

Barua za wafanyabiashara Wayahudi zilizohifadhiwa kwenye sinagogi la Ben Ezra mjini Fustat, leo sehemu ya kale ya Cairo, zinawataja manahodha wengi wa njia ya Aden na India. Mmoja wao, wa karne ya 12, ni Mahruz, Myahudi, ambaye anaitwa nahodha kwa sababu meli zilikuwa zake. Msafiri wa Morocco Ibn Battuta naye, alipofika Calicut, India, karne ya 14, alimkuta tajiri mkubwa aliyejulikana kama Nahodha Mithqal. Anamweleza kuwa na mali nyingi na meli za kufanya biashara na India, China, Yemen na Uajemi. Mtu mmoja hawezi kushika usukani wa meli zote hizo. Msikiti unaohusishwa na Mithqal bado umesimama mjini humo, ingawa Wareno waliuchoma moto mwaka 1510 na ikabidi ujengwe upya.

Hali hiyo haikufa upesi. Mwaka 1938 na 1939, baharia na mwandishi kutoka Australia, Alan Villiers, alisafiri na jahazi la Kuwait kutoka Aden hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, ambako lilipakia boriti za mikoko. Nahodha wake, Ali bin Nasr al-Nejdi, alikuwa mfanyabiashara kama alivyokuwa baharia. Ukifika bandarini nahodha wa namna hiyo humwoni tena chomboni. Yuko mjini, anakunywa kahawa na kuuza.

6. Nahodha, mwalimu na rubani walitofautianaje?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu watu hawa watatu walikuwa ndani ya chombo kimoja na leo hukutani nao mahali pamoja.

Nahodha tumeshamweleza: bwana wa chombo na biashara yake. *Mu'allim* alikuwa bingwa wa njia. Ndiye aliyejua kupima kimo cha nyota kutoka upeo wa macho, majira ya pepo, rangi ya maji karibu na nchi, na mahali ilipojificha miamba. Kiarabu kilimwita kwa neno hilohilo la mtu anayefundisha. *Rubban* lilitumika kwa mwongozaji wa chombo, hasa yule anayekipitisha mahali pagumu au kukiingiza bandarini.

Sasa tazama walikokwenda. *Mu'allim* ameshuka pwani akaingia darasani: ndiye mwalimu wetu. Kiswahili kikamsikia *mu-* ya mwanzo, kikadhani ni kiambishi cha mtu, kikampa wingi wa *walimu* kana kwamba alizaliwa Kibantu. Rubani amepanda angani. Leo ukilitaja neno hilo mtu wa kawaida anaona ndege, ingawa bandarini bado yupo rubani anayepanda meli kubwa ili kuiingiza gatini. Nahodha peke yake ndiye aliyebaki chomboni, na kwa kuwa wenzake wameondoka, amerithi kazi zao. Hivyo ndivyo bwana wa mali alivyogeuka kuwa bingwa wa bahari katika fikra zetu.

Indonesia hawakuwatawanya. Huko mkuu wa meli bado ni *nakhoda*, na maofisa walio chini yake wanaitwa *mualim*: mualim wa kwanza, wa pili, kuendelea. Mwalimu wa pili wa meli! Mswahili akisoma daftari la meli ya Jakarta anaweza kudhani ni shule.

7. Ni kweli kwamba Ahmad ibn Majid ndiye aliyempeleka Vasco da Gama India kutoka Malindi?

Ibn Majid, mzaliwa wa Julfar (leo ni Ras al-Khaimah), alikuwa mu'allim maarufu kuliko wote. Aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya bahari karibu mwaka 1490, na mashairi ya njia za vyombo, likiwemo moja linaloifuata pwani yetu kuelekea Sofala (Msumbiji ya leo). Habari ya kwamba alimwongoza da Gama ilitoka kwa mwandishi wa Makka aliyeandika zaidi ya nusu karne baada ya tukio, na wataalamu wengi leo hawaikubali.

Wareno wenyewe wanasema nini? Wanasema walipewa kiongozi Malindi, wakaondoka tarehe 24 Aprili 1498, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Mwandishi wao Barros anamwita kiongozi huyo Malemo Caná, mtu wa Gujarat. Mwandishi mwenzake, Castanheda, anaandika Canaqua. Lisome polepole: *Malemo* ni mu'allim, yaani mwalimu wa chombo, na *kanaka* kwa lugha za India ni mjuzi wa hesabu za nyota. Jina zima ni vyeo viwili. Wareno walisikia watu wakimwita kwa heshima, wakadhani ndilo jina alilopewa na mama yake.

Angalia pia asichoitwa. Hawakumwita nahodha, kwa sababu chombo hakikuwa chake.

8. Basi nahodha na tajiri ni mtu mmoja?

Zamani walikaribiana, leo wameachana. Pwani neno tajiri halina maana ya mwenye fedha nyingi tu. Tajiri ni mwenye chombo, yule anayekuajiri, hata kama mashua yake ni moja na inavuja. Nahodha anakabidhiwa chombo na tajiri, anakwenda, anarudi, anatoa hesabu. Kwenye vyombo vingi vya uvuvi na majahazi ya mizigo pato limekuwa likigawanywa kwa mafungu baada ya kutoa gharama: fungu la chombo linakwenda kwa tajiri, nahodha anapata zaidi ya baharia wa kawaida.

Uhusiano huo una upande wake mchungu pia. Kwenye uchumi wa lulu wa Ghuba, kabla ya mafuta, nahodha alikuwa akiwakopesha wapiga mbizi kabla ya msimu, na deni likawafuata mwaka hadi mwaka. Huko neno *nokhadha* lilitajwa kwa heshima na kwa hofu kwa pamoja.

9. Manahodha walianza kufika pwani yetu lini?

Watu wa vyombo walifika kabla ya neno. Mwongozo wa Kigiriki wa karne ya 1, unaoeleza safari za Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika, unasema bandari ya Rhapta, iliyokuwa mahali fulani kwenye pwani ya Tanzania ya leo, ilitembelewa na viongozi wa vyombo na mawakala Waarabu ambao walioa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Mwandishi alikuwa Mgiriki na alitumia maneno ya kwao.

Manahodha wanaotajwa kwa jina hilo tunao kufikia karne ya 10. Mkusanyiko wa visa vya mabaharia unaohusishwa na Nahodha Buzurg ibn Shahriyar wa Ramhurmuz una kisa cha meli iliyotoka Oman mwaka 310 wa Hijria, sawa na 922, ikielekea kisiwa cha Qanbalu kwenye pwani yetu. Upepo uliitupa Sofala ya Zanj (Zanj ndivyo Waarabu walivyoiita pwani yetu na watu wake). Mfalme wa huko akawapokea vizuri, wakauza na kununua bila bughudha. Siku ya kuondoka alipopanda melini kuwaaga, nahodha akaona thamani yake sokoni, akang'oa nanga naye akiwa ndani, akamuuza Oman. Kisa kinaendelea hadi mfalme anaporudi kwake akiwa Mwislamu, na miaka baadaye anakutana tena na nahodha yuleyule aliyemuuza. Hata kama kimetiwa chumvi, kinaonyesha nahodha akiwa kile alichokuwa: mtu mwenye uamuzi wa mwisho, kwa heri au kwa shari.

Kilichowaleta na kuwarudisha ni upepo. Kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, inasukuma vyombo kutoka Arabuni na India kuja huku. Kusi inayofuata inawarudisha. Anayekosa kusi yake anabaki miezi mingi. Kukaa huko, miaka nenda miaka rudi, kulitosha kwa maneno kuzoeana.

## Ndugu zake neno

10. Linatumika wapi kwingine?

Karibu kila mahali ambapo upepo wa msimu unafika. Nchini Iran *nakhoda* ni cheo cha jeshi la maji. Nchini India ulipo Msikiti wa Nakhoda wa Kolkata, uliojengwa na jamii ya Wamemoni wa Kutch, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1926. Brunei ina Sultani Bolkiah wa kale, anayekumbukwa kwa lakabu ya Nakhoda Ragam. Jina hilo lilipewa kundi la manowari tatu zilizoundwa Uingereza kwa ajili ya Brunei, ambazo Brunei ilizikataa na mwishowe zikaishia Indonesia, zikabadilishwa majina. Sheria za bahari za Melaka za karne ya 15 zinasema wazi kuwa nakhoda akiwa baharini ni kama mfalme. Wareno walilichukua wakaandika *nacodá*.

11. Nimesikia kuwa nahodha na nauli ni maneno ya ukoo mmoja. Kweli?

Kweli, ingawa ni ukoo wa mbali. Kile kipande cha *nav* kwenye nahodha ni shina la kale la chombo, linaloonekana kwa Kisanskriti kama *nau*, kwa Kigiriki *naus* na kwa Kilatini *navis*. Kutoka *naus*, Wagiriki walitengeneza *naulon*, yaani malipo ya kusafirishwa kwa meli. Waarabu wakalichukua, likawa *nawl*, nasi tukapata nauli.

Kwa hiyo kondakta wa basi anapopiga kelele za nauli katikati ya foleni, kilometa mia kutoka baharini, anadai malipo ya meli.

12. Kuna maneno mengine ya Kiajemi chomboni?

Yapo. Bandari ni *bandar*. Nanga inatazamana na *langar*. Demani, upande wa tanga unaofungwa kwa kamba ya kulivutia, linahusishwa na *daman*, pindo la nguo.

La kuchekesha ni serahangi, msimamizi wa mabaharia, anayepokea amri ya nahodha na kuifikisha kwa wengine kwa sauti kubwa zaidi. Linatokana na *sarhang*, kamanda. Chomboni serahangi yuko chini ya nahodha bila ubishi. Katika majeshi ya Iran ya leo, *sarhang* ni kanali wa nchi kavu na *nakhoda* wa daraja la kwanza ni ofisa wa majini, na vyeo hivyo viwili vinalingana. Serahangi amesubiri karne kumi akapandishwa cheo.

## Kulitumia leo

13. Niseme nahodha au kapteni?

Kwa mkuu wa chombo cha majini, nahodha, hata meli iwe kubwa kiasi gani. Kapteni ni cheo: cha jeshi, na pia namna ya kumwita rubani wa ndege au mkuu wa meli mwenye vyeti vya kimataifa, kwa kawaida kabla ya jina lake. "Nahodha wa meli, Kapteni fulani" ni sentensi isiyo na kosa: neno la kwanza ni kazi, la pili ni cheo.

14. Wingi wake ni nahodha au manahodha?

Manahodha ndiyo kawaida ya sasa, na upatanisho ni wa A-WA: nahodha amefika, manahodha wamefika. Usiseme "nahodha limefika" kwa sababu tu ya *ma-* ya wingi. Nahodha ni mtu, na Kiswahili humtanguliza mtu kuliko umbo la neno.

Wingi usio na *ma-* upo pia, hasa kwenye lugha ya wazee na kwenye methali iliyo kwenye swali linalofuata. Si kosa. Unahodha ni nomino ya dhana: hali au wadhifa wa kuwa nahodha.

15. "Nahodha wengi, chombo huenda mrama" ina maana gani hasa?

Matumizi yake yanajulikana: wakubwa wakiwa wengi, kazi inaharibika. Lakini wengi hawajui mrama ni nini. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo ubavu huku na ubavu huku, wimbi linapokikuta hakina mwelekeo. Kila amri inakigeuza kidogo, inayofuata inakirudisha, na matokeo yake ni kichefuchefu kwa kila aliyemo.

Methali haisemi chombo kinazama. Mtu akiitumia kutabiri maangamizi ameizidishia maji. Inazungumzia safari isiyokwenda popote.

Kuhusu umbo, utaisikia "nahodha wengi" na "manahodha wengi". La kwanza linasikika la kale zaidi na lina mapigo mazuri mdomoni. Mimi hulichagua hilo.

16. Nahodha, nakhodha, nahoza: lipi sahihi?

Nahodha. "Nakhodha" utaliona kwenye maandishi ya zamani na kwa wenye kupenda matamshi ya Kiarabu. "Nahoza" ni matamshi ya wasio na *dh* kwenye lugha zao za kwanza. Liandikwe tu pale unapomnukuu mtu. Umuhimu wa hiyo *dh* uko kwenye swali la 3.

17. Kwa nini timu ya mpira ina nahodha?

Kwa sababu mpira ulikuja na wadhifa ambao kwa Kiingereza unaitwa kwa neno lilelile la mkuu wa meli, na watangazaji wa Kiswahili wakatafuta la kwao. Walipata lenye uzito. Mbwana Samatta kwa Taifa Stars na Victor Wanyama kwa Harambee Stars wote wamewahi kuitwa manahodha na kuvaa kitambaa cha unahodha mkononi.

Ukilinganisha na swali la 5, nahodha wa timu yuko mbali na asili. Hamiliki timu, hapangi safari, wala haamui nani acheze. Kocha ndiye anayefanana zaidi na nahodha wa karne ya 12, na mwenye timu kuliko hata kocha.

18. Mwanamke anaitwaje?

Nahodha. Neno halina jinsia. Twiga Stars wana nahodha, si "nahodha wa kike", isipokuwa jinsia yenyewe ndiyo habari.

## Maswali ya pembeni

19. Nahodha ni jina la watu pia?

Ndiyo, kama yalivyo majina mengi yaliyoanza kama kazi. Anayejulikana zaidi ni Shamsi Vuai Nahodha, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar kuanzia mwaka 2000 hadi 2010, ambapo wadhifa huo ulifikia mwisho wake. Wachora katuni, bila shaka, walikuwa na kazi rahisi.

20. Ziwani nako kuna nahodha, au ni neno la bahari ya chumvi tu?

Kuna. Kwenye maziwa makuu, Victoria, Tanganyika na Nyasa, wavuvi na wafanyakazi wa meli hulitumia kama kawaida. Lilipanda bara pamoja na Kiswahili chenyewe. Baharia nalo lilipanda hivyohivyo, likapita hata maji: Tanzania vijana huitana mabaharia wakiwa kijiweni, pasipo hata dimbwi karibu.

21. Naweza kusema "nahodha wa ndege"?

Utaeleweka, lakini ndege ina rubani. Sababu iko kwenye swali la 6.

22. Nikiwa peke yangu kwenye ngalawa, mimi ni nahodha?

Wavuvi watakwambia ndiyo. Anayeamua ngalawa itoke au isitoke ndiye nahodha wake, na ukiwa peke yako hakuna wa kubishana naye. Wewe pia ndiye serahangi, mwalimu wa nyota, mshika usukani na mtoa maji.

Kama ngalawa ni yako, hata Mwajemi wa karne ya 10 angekubali. Kama umeiazima, yeye angekuuliza mwenyewe yuko wapi.